Divai, Rubisi na Subira ya Mkulima

Wasomaji wetu wa Karagwe na Kyerwa hawana haja ya kufundishwa namna ya kukamua tunda likawa kinywaji. Tangu utotoni wameona ndizi zikikatwa, zikiivishwa shimoni, zikikanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti; maji yake matamu yakachujwa, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa vizuri, na kesho yake yakawa rubisi. Kazi hii ni elimu, ijapokuwa haikuandikwa kitabuni. Lakini liko jambo moja ambalo elimu hii ya wazee haikulifikia, nalo ni kuifanya rubisi ingoje. Rubisi ya leo ni tamu, ya kesho ni kali, na siku chache baadaye huwa siki. Basi aliyeikamua sharti aiuze upesi, kwa bei yo yote atakayoipata.

Leo twataka kueleza habari za watu wenye kazi iliyo ndugu ya kazi hii, yaani wakulima wa mizabibu na watengenezaji wa divai, wa Ufaransa na wa Dodoma katika nchi yetu wenyewe. Neno divai lilitoka katika lugha ya Wafaransa. Siku hizi watu wengi husema mvinyo, na maana ni ile ile. Hatuelezi habari hizi ili mtu ang'oe migomba yake apande mizabibu. Mbele tutaonyesha kwa nini kufanya hivyo kungekuwa kosa. Twazieleza kwa kuwa swali lililo mbele ya watu wale ndilo lililo mbele yetu: Mtu mwenye shamba dogo na chombo kidogo, akitaka kukua, aanze wapi? Aongeze mimea, au aongeze vyombo, au aongeze aina za kinywaji chake?

1. MAZAO MATATU NA SUBIRA YAKE

Kwanza tuyaangalie mazao matatu, tuone kila moja laweza kungoja muda gani.

Kahawa yetu, ikiisha kuchumwa na kukaushwa vema, huweza kukaa ghalani miezi mingi bila kuharibika. Mwenye kahawa kavu aweza kusubiri bei. Ndizi haina subira hiyo, lakini ina kidogo: mkungu uliokatwa ukiwa mbichi huendelea kuiva, na mwenyewe hupata siku kadhaa za kufikiri. Zabibu haina hata hiyo. Zabibu ikiisha kukatwa haiivi tena; utamu ulio nao siku ya kuvunwa ndio utamu wake wote. Tena ngozi yake ni nyembamba, na katika jua la Dodoma huanza kuharibika kwa muda wa siku chache. Mkulima wa zabibu aliyevuna leo sharti mnunuzi au chombo cha kukamulia kiwe tayari leo.

Sasa tazameni jambo hili. Zao likikosa subira, mwenye zao naye huikosa. Mnunuzi huijua shida hiyo, hutaja bei ndogo, na mkulima hukubali kwa kuwa kukataa ni kuona mali yake ikioza. Hata zao lenye subira huweza kunyang'anywa subira yake. Wasomaji wetu waijua butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, kabla haijaiva, kwa sababu mtu ana shida ya ada ya shule au ya matibabu. Kahawa ingeweza kungoja, lakini mwenyewe hakuweza. Serikali imeikataza butura, na makatazo hayo ni ya haki; lakini dawa yake hasa ni kumpa mkulima uwezo wa kungoja. Jambo hili likumbukwe, maana ndilo litakaloyaeleza yote yafuatayo.

2. JINSI DIVAI IFANYWAVYO

Zabibu zikiisha kuvunwa hupondwa. Chachu huingia katika maji yake matamu na kula sukari, na kutokana na kula huko hupatikana vitu viwili: kileo na hewa ya ukaa. Kwa hesabu ya watengenezaji, gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa sehemu 1 ya kileo katika 100. Basi maji yenye gramu 204 za sukari kwa lita hutoa divai yenye kileo sehemu 12 katika 100. Hewa ya ukaa itokayo hapo haionekani wala hainuki, nayo imeua watu wengi walioingia ndani ya matangi makubwa kuyasafisha kabla hayajapitiwa na hewa safi.

Mtu asidhani kwamba kila aina ya divai ina shamba lake. Maji ya zabibu nyingi nyeusi ni meupe. Rangi imo katika ngozi. Zabibu zikikamuliwa kwanza, na maji yakachachuka peke yake, hupatikana divai nyeupe. Zabibu nyeusi zikichachuka pamoja na ngozi zake kwa siku kadhaa, hupatikana divai nyekundu. Ngozi zikiondolewa baada ya saa chache tu, hupatikana divai ya rangi ya waridi. Chachu ikizuiwa kabla haijamaliza sukari, divai hubaki tamu. Divai ikitiwa chupani na kuchachuka mara ya pili humo ndani, hupatikana ile itoayo povu ifunguliwapo. Kwa hiyo mtu mwenye zabibu za shamba moja aweza kupata vinywaji vitatu au vinne, akijua kazi yake na akiwa na vyombo vya kutosha.

Je, kwa nini divai hungoja na rubisi haingoji? Sababu ni nne. Divai ina kileo kingi zaidi, na kileo huzuia vijidudu vingi vinavyoharibu kinywaji. Ina ukali wa asili wa zabibu, ambao nao huvizuia. Huwekwa katika chombo kilichojaa na kuzibwa, hewa isiingie, maana vijidudu vya siki haviishi bila hewa. Tena vyombo vyake huoshwa kwa uangalifu mkubwa. Katika miaka ya 1860 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alichunguza kwa nini divai ya nchi yake ilikuwa ikiharibika njiani, akaonyesha kwamba viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ndivyo viharibifu, na kwamba divai ikipashwa moto wa kiasi, bila kuchemka, viumbe hivyo hufa na divai hukaa. Maziwa ya pakiti tunayonunua dukani yalindwa kwa elimu iliyoanzia katika pipa la divai.

3. MKULIMA MDOGO WA UFARANSA

Katika Ufaransa wako wakulima wengi ambao shamba, mashine ya kukamulia, ghala na duka vyote ni vya jamaa moja. Mtu wa namna hii akitaka kukua hafanyi haraka, wala hawezi, maana mzabibu wenyewe hauruhusu haraka. Mche uliopandwa hutakiwa kungojwa hata mwaka wa 3 ndipo utoe mavuno ya kufaa kwa divai nzuri; khalafu huweza kuishi miaka 30, au 50, na zaidi. Kwa hiyo kila kipande cha shamba kinachoongezwa ni ahadi ya maisha ya mtu.

Kabla ya kupanda, hujiuliza maswali matatu. Udongo huu na mteremko huu vyafaa aina gani? Miaka mitatu kutoka leo, nitakamulia nini na kuhifadhi wapi? Na nani atanunua? Pipa la mwaloni linalotumika sana katika nchi ya Bordeaux huchukua lita 225, na divai yaweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi. Maana yake, ghala sharti ichukue divai ya mwaka huu na ya mwaka jana kwa wakati mmoja. Aliyeongeza mizabibu bila kuongeza ghala amejiandalia hasara.

Ndipo zinapokuja zile aina za divai. Mtu asiyeijua kazi hii hufikiri kwamba aina nyingi ni urembo wa duka. Sivyo. Divai nyeupe nyepesi na ile ya rangi ya waridi huuzwa mapema, miezi michache baada ya mavuno, nazo huleta fedha ya kuwalipa vibarua na kununua chupa. Divai nyekundu nzuri hulazwa, ikauzwa baadaye kwa bei kubwa zaidi. Divai tamu ya nguvu hukaa miaka mingi. Basi mwenye aina tatu ana mazao matatu yenye subira mbalimbali: moja la kumlisha leo, moja la mwakani, na moja la akiba. Tena mvua ya mawe au ugonjwa ukiharibu aina moja ya mzabibu, nyingine huenda ikasalimika, kwa kuwa hazichanui wala kuiva siku moja.

4. YALIYOWAPATA WAFARANSA MWAKA 1907

Msomaji asidhani kwamba Wafaransa walizaliwa na busara hii. Waliinunua kwa machozi.

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo wa mizizi, aliyekuja pamoja na mizabibu iliyoletwa kutoka Amerika, aliingia katika mashamba yao na kuyaangamiza karibu nchi nzima. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha vikonyo vya mizabibu yao juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake humvumilia mdudu huyo. Baada ya kupata dawa, wakulima wa kusini, katika nchi iitwayo Languedoc, walipanda upya kwa pupa. Wengi walichagua mzabibu uitwao Aramon, kwa sababu huzaa sana, ijapokuwa divai yake ni hafifu. Kila mtu alihesabu mapipa yake, wala hakuna aliyehesabu wanunuzi.

Ndipo divai ikawa nyingi kupita kiasi. Juu ya hayo, wafanyabiashara wadanganyifu walitengeneza divai ya uongo kwa maji na sukari, na nyingine iliingia kutoka Algeria. Bei ikaanguka hata haikutosha kulipa gharama za kuvuna. Tarehe 9 Juni 1907, watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 500,000 walikusanyika katika mji wa Montpellier kulalamika. Siku chache baadaye, katika mji wa Narbonne, askari walipiga risasi na watu kadhaa wakafa. Mwisho wa mwezi huo huo ilitungwa sheria ya kuzuia udanganyifu, iliyomtaka kila mkulima atangaze kiasi alichovuna. Baadaye, mwaka 1935, Ufaransa iliweka utaratibu wa kulinda majina ya divai za mahali maalum, ili mtu asitie jina la kijiji fulani juu ya chupa isiyotoka huko.

Lakini kabla ya machafuko hayo, kijiji kimoja cha kusini, Maraussan, kilikuwa kimekwisha kuona njia. Mwaka 1901 wakulima wake wadogo waliungana kuuza divai yao pamoja kwa vyama vya ushirika vya wanunuzi wa Paris, na mwaka 1905 wakajenga ghala yao ya pamoja yenye vyombo vikubwa. Mtu mmoja mwenye mizabibu michache hawezi kununua tangi wala kumlipa fundi. Watu 100 waweza. Baada ya mwaka 1907 vijiji vingi vilifuata mfano huo. Tuseme kwa kifupi: walipanda mizabibu mingi wakaporomoka, walipojenga vyombo vya pamoja na kulinda jina jema la divai yao, waliinuka.

5. MIZABIBU YA DODOMA

Sasa turudi nchini kwetu. Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili hivi, na kiasi chake ni milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka. Mahindi huteseka huko, lakini mzabibu hupenda jua na hewa kavu. Mizabibu ya kwanza ya Dodoma ilipandwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana kabla ya Uhuru, kwa ajili ya divai ya ibada. Kutoka hapo kilimo kilienea katika vijiji kama Mpunguzi, Mvumi, Veyula na Hombolo, na kituo cha utafiti cha Makutupora kikawa mahali pa kuchunguza aina za mizabibu zifaazo. Mzabibu mmoja mwekundu unaolimwa sana huko huitwa kwa jina la Makutupora yenyewe.

Mizabibu ya Dodoma ina ajabu moja. Katika Ufaransa baridi huulaza mzabibu usingizi, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Akipogoa kwa wakati wake na akiwa na maji, huvuna mara mbili kwa mwaka, kwanza karibu na Machi, khalafu karibu na Agosti na Septemba. Ni baraka kubwa. Hata hivyo ina mzigo wake, maana chombo kilichojazwa Machi sharti kiwe kitupu kabla ya Agosti. Divai ikikosa kuuzwa katika miezi hiyo, zabibu za msimu wa pili hazina pa kuingia.

Zamani kulikuwa na kampuni ya Serikali ya divai, ikiitwa DOWICO. Ilipokwisha kusimama, wakulima wengi walibaki na mizabibu isiyo na mnunuzi, na wengine wakayaacha mashamba. Baadaye viwanda vya watu binafsi vilianza. Kimoja ni Cetawico cha Hombolo, kilichoanzishwa na Waitaliano mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hicho ni mfano mzuri wa kiwanda kisichoridhika na aina moja: pamoja na Makutupora, kilitumia zabibu za Syrah na Chenin Blanc, kikaleta na mizabibu ya Italia kama Aglianico, Teroldego na Marzemino, ili kupata divai za ladha mbalimbali. Huko Chinangali, katika wilaya ya Chamwino, wakulima walipanda shamba la pamoja lenye mabomba ya kumwagilia kwa matone, ili kila shina lipate maji yake bila kupotea.

Hata hivyo, katika misimu kadhaa ya miaka ya 2010 na mwanzo wa miaka ya 2020, habari za Dodoma zilikuwa za huzuni. Mashamba yaliongezeka, zabibu zikaiva, na wakulima wakakosa wanunuzi. Nyingine zikaozea shambani, nyingine zikauzwa kwa bei ya kutupa. Viwanda vilikuwa vichache, matangi yake yalikuwa yamejaa, na watengenezaji wengine waliona ni rahisi kununua mchuzi mzito wa zabibu kutoka nchi za nje. Serikali imejaribu kusaidia kwa njia ya ushuru: kwa miaka mingi divai yenye zabibu za nchini zaidi ya sehemu 75 katika 100 imetozwa ushuru mdogo kuliko nyingine. Imekuwa msaada wa kweli, lakini ushuru peke yake hauwezi kuwa tangi. Yaliyowapata Wafaransa wa Languedoc mwaka 1907 yaliwapata na wakulima wa Dodoma zaidi ya miaka 100 baadaye, na chanzo ni kimoja: shamba lilitangulia, chombo kikafuata nyuma kikichechemea.

6. HESABU YA DARASANI

Walimu waweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Tuseme jamaa moja ina mizabibu itoayo kilo 4,000 kwa msimu, na kila kilo 1 hutoa divai lita 0.65. Watapata lita 2,600, nazo zikitiwa katika chupa za lita 0.75 zitakuwa chupa 3,466. Tangi lao huchukua lita 3,000. Mambo ni mazuri.

Sasa wanaongeza shamba mara mbili, wala hawaongezi tangi. Msimu wa mavuno wanapata kilo 8,000, ambazo zingetoa lita 5,200. Tangi limejaa, na zimebaki zabibu za lita 2,200, yaani kilo 3,384 hivi. Zabibu hizo zimelimwa, zimepogolewa, zimepigwa dawa na kuvunwa kwa gharama ile ile ya wenzake, lakini zitauzwa kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba haziwezi kungoja. Jamaa nyingine, badala ya kuongeza shamba, wananunua tangi la pili lenye lita 3,000 na kuanza na zabibu za majirani. Khalafu wanapanda kidogo kidogo kadiri tangi linavyojaa. Waulizeni wanafunzi: ni jamaa ipi iliyokua?

7. FAIDA YETU KARAGWE NA KYERWA

Kwanza twasema wazi: mzabibu si zao la nchi yetu. Sisi tuna mvua za vuli na za masika, na umande mwingi. Unyevu huo huleta ukungu wa majani na wa matunda, ambao ni adui mkubwa wa mzabibu. Wafaransa waliposhambuliwa na ukungu wa namna hiyo, walipata dawa ya mrututu na chokaa, iliyotangazwa katika nchi ya Bordeaux mwaka 1885. Lakini mahali penye mvua nyingi dawa hiyo hupigwa tena na tena, na gharama yake humeza faida. Tusiige mmea wa watu. Tuige hesabu yao.

Mmea wetu ni mgomba, nao waweza kutoa zaidi ya rubisi ya siku mbili. Huko Arusha, kampuni iitwayo Banana Investments, iliyoanzishwa mwaka 1993, imetengeneza divai ya ndizi na kuiuza katika chupa. Kanuni ni zile zile tulizozieleza: ndizi zilizoiva, maji masafi, chachu njema, chombo kilichozibwa, kuchuja, kupasha moto wa kiasi, na chupa safi. Kinywaji kilichokuwa hakipiti siku chache hukaa miezi, na kilichouzwa penye mtumbwi huweza kupanda gari kwenda mbali. Hiyo ndiyo maana ya kumpa mkulima subira.

Kwa mtu au kikundi kitakachopenda kuanza, twaweka hapa mashauri matano.

(a) Chombo na soko vitangulie mimea. Asiyejua atamwuzia nani lita 100 asipande kwa ajili ya lita 1,000.

(b) Usafi kabla ya wingi. Chupa moja iliyoharibika hufukuza wanunuzi kumi, na jina la kijiji likichafuka ni kazi kulisafisha. Sharti kupata leseni na alama ya Shirika la Viwango. Mashauri ya kazi hupatikana kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na elimu ya migomba katika kituo cha utafiti cha Maruku karibu na Bukoba. Tena kuichemsha rubisi na kukusanya mvuke wake ili kupata kileo kikali ni kazi iliyokatazwa na sheria kwa asiye na leseni, nayo imewatia watu upofu na kuwaua.

(c) Aina ziongezwe kwa sababu, si kwa fahari. Maji matamu ya ndizi yasiyochachuka huuzwa leo kwa watoto na wasiokunywa pombe. Divai huuzwa miezi ijayo. Siki hupatikana katika kile kilichokwisha kuwa kikali. Kila aina iwe na mnunuzi wake na muda wake.

(d) Kupanua shamba kwaweza kupanua ugonjwa. Mdudu wa mizabibu alisafiri na miche. Vivyo hivyo mnyauko wa migomba, uliogunduliwa mkoani Kagera mwaka 2006, husafiri na machipukizi, na visu, na wadudu watembeleao ua la mgomba. Ndizi za kukamua kama kayinja hupatwa upesi sana kwa njia ya wadudu. Machipukizi yatoke katika shamba lisilo na ugonjwa. Ua la mwisho wa mkungu liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Na panga lichomwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine.

(e) Watu waungane. Tayari tuna vyama vya msingi vya kahawa, na kazi ya kupima, kuandika na kugawana twaijua. Chama kikiwa na ghala na vyombo, na kikaweza kumkopesha mwanachama kidogo juu ya mali aliyoiweka, butura hukosa mlango wa kuingilia.

Twaongeza neno moja kwa wazee wa nyumba. Mkungu wa kupikwa usigeuzwe wa kukamuliwa hata watoto wakalala njaa, na faida ya kiwanda isiishie katika vikombe vya wenye kiwanda. Wafaransa husifiwa kwa divai yao, lakini aliyejenga ghala ni yule aliyeuza zaidi ya alivyokunywa.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mazao matatu yaliyoelezwa, uyapange kwa uwezo wake wa kungoja, nawe ueleze sababu.

2. Kwa nini zabibu nyeusi huweza kutoa divai nyeupe?

3. Maji ya zabibu yana gramu 187 za sukari kwa lita. Divai yake itakuwa na kileo sehemu ngapi katika 100?

4. Eleza jambo moja walilofanana wakulima wa Languedoc mwaka 1907 na wakulima wa Dodoma wa miaka ya 2010, na jambo moja ambalo watu wa Maraussan walilifanya kabla yao.

5. Kikundi cha kijiji chako kina migomba ya kutosha lita 500 kwa mwezi, na vyombo vya lita 200. Mwanachama mmoja asema, "Tupande migomba zaidi." Mjibu kwa adabu, ukitumia hesabu.

Mwalimu akipata jibu zuri la swali la 5, na alisome mbele ya mkutano wa kijiji, maana swali hilo si la watoto peke yao. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Walikuwa na hekima, nao walijua kwamba sharti kibaba kiwepo kwanza.